Maliasili si Magwanda Tu

Muulize yeyote anayesoma maliasili atafanya kazi wapi: TANAPA, TAWA au TFS, basi. Kwani Simiyu hakuna kazi? Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi, kabla chuo chochote hakijatufundisha uhifadhi. Mradi wa HASHI ulioanza 1986, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, ulipata sifa kwa kuzirudisha ngitili hizo hizo. Leo pamba na mifugo vinagombea ardhi, na huko Meatu na Itilima tembo wanaingia mashambani. Wa kupima mipaka, kukaa na mkulima na mfugaji wakielewana, kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, si ndio sisi?

Shida ni kwamba kijiji hakina mshahara wa kutulipa, na tusidanganyane kuhusu kujiajiri kwa hilo. Viongozi wetu wa wanafunzi wapige kelele hapo: halmashauri zipewe fungu la kuajiri wahitimu, hata kwa mkataba wa mwaka mmoja. Na sisi tukipangiwa fildi Meatu, tuache kuhangaika tubadilishiwe Arusha.