Afishi ya Teatre Si Afishi ya Mradi

Mtu akipita Butembo ao Beni na kuona karatasi mpya ukutani, neno la kwanza anauliza: "Hiyi ni ya mradi gani?" Haulizi bure. Toka Agosti 2018 paka Juni 2020, Ebola ilijaza kuta zetu picha za kunawa mikono, na chini yake safu ya alama za mashirika. Wengi walizitazama bila kuziamini.

Sasa teatre yetu nayo imevaa nguo ileile. Jina la mchezo liko dogo, alama za wafadhili ndizo kubwa, maneno yote Kifaransa. Mama wa sokoni anapita tu. Anafikiri wanataka kumfundisha tena. Kisha tunalalamika kwamba viti viko vitupu!

Wengine wanasema: tuchape alama moja, vilevile kila mara. Apana. Mchezo wa kuchekesha na mchezo wa maombolezo haiwezi kuvaa sura moja. Lakini kubadilisha yote kila mara nako ni kujipoteza. Tutazame leso za Mombasa na Zanzibar: pindo, mji katikati, jina chini. Mpango haubadiliki, ila kila leso inasema neno lake. Hata New York, mwaka 1994, Paula Scher alipatia Public Theater uso wa namna hiyo: herufi nene na nyembamba zinazopangwa upya, na watu wanajua ni nyumba ileile.

Sisi tuko na kyaghanda, pale wazee walikaa kusimulia na kukata maneno. Duara la watu kuzunguka moto liwe pindo letu. Katikati, kila mchezo uweke picha yake; chini, neno moja kubwa kwa Kinande ao Kiswahili. Ichorwe kwa rangi moja, ili fotokopi isiiharibu na mchoraji wa vibao aweze kuirudilia kwa burashi. Tusimdharau huyo: Chéri Samba mwenyewe alianza na vibao kule Kinshasa. Wafadhili tunawashukuru, majina yao yakae pembeni, kwa herufi ndogo.

Mtasema: watu wanauawa kandokando ya Beni tangu 2014, nanyi mnasumbuka na rangi? Ndiyo, na njo sababu yenyewe. Mtu aliyefiwa, akikubali kuja kukaa nasi saa moja, anastahili kujua toka mbali kwamba ni nyumba yake inamwita, si mradi.