Adui Mwenye Sare 60

Mvua zinapoanza mjini Juba, pale Custom magari ya abiria, pikipiki na wachuuzi wote hukanyaga tope moja, na kandokando ya barabara vidimbwi vya maji hubaki kwa siku nyingi. Haupiti muda mrefu kabla mtoto aliyeugua malaria na kupona mwezi uliopita hajaanza kutetemeka tena. Mama yake hushangaa. Surua ikishampata mtoto mara moja, kwa kawaida haimrudii. Mbona malaria humrudia mtu yule yule mara kwa mara, hata askari mzima aliyekomaa?

Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya kijidudu chenyewe, katika namna kinavyokunja na kukunjua maagizo ya uhai wake.

Kila kiumbe kina maagizo hayo, yaliyoandikwa katika nyuzi nyembamba za DNA, na jumla yake huitwa jenomu. Agizo moja moja huitwa jeni. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba wamekwisha kusoma jenomu nzima ya Plasmodium falciparum, kijidudu kinacholeta malaria kali zaidi barani Afrika. Walikuta kromosomu 14 na jeni zipatazo 5,300. Miongoni mwa hizo zimo jeni zipatazo 60 za ukoo mmoja, uitwao var.

Kijidudu kikiisha kuingia katika chembe nyekundu ya damu, jeni ya var hukipatia protini inayojitokeza juu ya ngozi ya chembe hiyo. Protini hiyo huinasisha chembe kwenye ukuta wa mshipa, isije ikachukuliwa na damu hadi kwenye wengu na kuangamizwa huko. Lakini protini hiyo hiyo ndiyo sare ambayo kinga ya mwili humtambulia adui. Hivyo basi kijidudu huvaa sare moja tu kwa wakati mmoja. Kinga inapokwisha kuizoea na kuwaua walioivaa, wachache waliokwisha kubadili sare husalimika, huzaana, na homa huanza upya.

Je, sare nyingine 59 huwekwa wapi? Hazifutwi hata herufi moja. Hukunjwa na kushindiliwa pembezoni mwa kiini cha kijidudu, kama mama anavyokunja kanga zake na kuzipanga chini kabisa ya sanduku. Uzi uliokazwa namna hiyo hausomeki, kwa kuwa vyombo vya kuusoma haviwezi kupenya. Jeni moja tu hukunjuliwa mahali pake pa pekee, na hiyo ndiyo husomwa.

Tena kuna jambo la pili. Kwa kawaida jeni inaposomwa hutolewa nakala iitwayo RNA, ambayo hupeleka agizo la kuunda protini. Lakini zipo RNA zisizounda protini yoyote; kazi yao ni kusimamia jeni nyingine. Kijidudu cha malaria kina ukoo wa jeni 15 za aina hiyo, uitwao RUF6. RNA yake imeonekana karibu na jeni ya var iliyofunguliwa. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba, walipoufifisha ukoo huo katika maabara, jeni za var zilififia kwa ujumla.

Mwili wa binadamu nao huendeshwa kwa utaratibu unaofanana na huo. Chembe ya ini na chembe ya ubongo zina maandishi yale yale. Kilicho tofauti ni yapi yamekunjwa na yapi yamefunguliwa. Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2024 kwa kugundua RNA ndogo zinazosimamia jeni.

Katika nyumba, elimu hii ina maana kubwa. Mja mzito aliyekulia katika malaria asidhani kwamba kinga yake ya zamani yamtosha. Katika zile sare 60 imo moja, iitwayo VAR2CSA, inayonasa kwenye kondo la nyuma, na mwenye mimba ya kwanza mwili wake haujapata kuizoea. Ndiyo maana humpasa kwenda kliniki mapema na kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

Vivyo hivyo askari aliyehamishwa kutoka kituo hadi kituo asijivunie kwamba malaria amekwisha kuizoea. Homa ipimwe. Ikithibitika kuwa ni malaria, dawa mseto inywewe siku zote 3 hata kama homa imeshuka siku ya pili, kwani dawa hiyo hukishambulia kijidudu chenyewe, kiwe kimevaa sare gani.

Kwa watoto wachanga limekuja jambo la faraja. Mwezi Julai 2024 Sudan Kusini ilianza kutoa chanjo ya malaria iitwayo R21. Chanjo hiyo humfundisha mtoto kumtambua adui mara tu anapoingizwa na mbu, kabla hajafika kwenye ini, yaani kabla hajapata nafasi ya kuvaa hata moja ya zile sare. Hata hivyo haimkingi mtoto kikamilifu. Kwa hiyo apewe dozi zote kwa tarehe zake, na jioni chandarua kishushwe kama kawaida.