Omba kuona mizizi kabla hujalipa

Na Zuhura Mbaraka

Ndago iliingia kwangu pamoja na bogenvilia. Nilinunua miche sita kando ya barabara, majani yanang'aa, nikaipanda ukutani ambako sikuwahi kuona ndago tangu nihamie. Mwezi wa pili majani membamba yakachomoza kuzunguka kila shina. Nikang'oa. Yakarudi. Nilipochimba kwa kisu nikakuta punje nyeusi ndogo kama njugu, zimeshikana kwa nyuzi mfano wa tasbihi. Kila punje ni mmea mpya, na jembe likipita huzitawanya tu.

Muuzaji hakunidanganya. Alipalilia viriba vyake, na juu palikuwa safi. Ubaya ulikuwa kwenye udongo aliojazia.

Ndiyo maana nasema tunakosea kudhani kitalu hutibiwa kwa bomba la dawa. Kiriba kikikaa juu ya ardhi tupu, mizizi hutoboa ikaingia chini, na maji yanayoruka wakati wa kumwagilia hubeba ukungu unaoozesha mizizi toka kiriba hadi kiriba. Tandaza kokoto, utakuwa umeiziba njia hiyo. Udongo nao husafishwa kwa jua: ulowanishe, ufunike kwa nailoni inayoonyesha, uzibe kingo, uuache wiki nne hadi sita za kiangazi. Minyoo fundo hupungua sana, na mbegu nyingi za magugu hufa. Ndago ni sugu zaidi. Udongo uchekechwe na punje ziokotwe kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha, lakini ifanyike.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, geuza jani. Vidung'ata weupe kama pamba wako hapo. Sisimizi hulamba utamu wao na kuwafukuza wadudu wanaowala. Ukipuliza sumu kali unawaua hata hao wasaidizi. Kwa miche michache, kitambaa na maji ya sabuni vinatosha, mradi urudie kila wiki.

Waliowahi kupoteza fensi za misaiprasi hawahitaji kuambiwa mdudu mgeni anaweza nini. Vidukari wa misaiprasi walionekana Malawi mwaka 1986. Kufikia 1990 walikuwa Kenya, wakikausha fensi na misitu ya kupandwa.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukienda kununua, mwombe muuzaji akutolee mche mmoja kwenye kiriba. Mizizi ikiwa myeupe, haina mafundo wala uvundo, na hakuna punje nyeusi udongoni, lipa. Akikataa kukuonyesha, nenda kitalu kingine.