Dola inakaguliwa, ordinateri haikaguliwi

Katika maduka ya mji wa Kolwezi, noti ya dola inapita mtihani mkali. Muuzaji anaiinua kwenye mwanga, anaipapasa pembeni, na akiona imepasuka hata kidogo anairudisha. Mzazi halalamiki, amezoea. Lakini mzazi huyohuyo akisha kulipa dola 250 za ordinateri ya mtoto anayeingia chuo kikuu, anaibeba nyumbani bila kuikagua hata dakika mbili. Ameona inawaka, ameona imeandikwa i7, basi.

Hapo ndipo pesa za familia nyingi zinapotelea kila mwanzo wa mwaka wa masomo. Kwa familia ya Musumba, kule kwenye makao ya Mwant Yav katika teritware ya Kapanga, kosa hilo ni zito zaidi. Mtoto anasafiri mamia ya kilomita kwa barabara mbaya ili asome Kolwezi au Lubumbashi. Pesa zimechangwa na wajomba, zimetoka kwenye shamba la muhogo, pengine kwenye mbuzi wawili. Mashini ikikufa mwezi wa pili, hakuna nyingine itakayonunuliwa mwaka huo. Na tangu inchi ilipoingia katika mfumo wa LMD, mwaka wa masomo wa 2021-2022, mwanafunzi anadaiwa kazi nyingi zaidi za kufanya mwenyewe. Kuandika kurasa 40 kwa simu ni adhabu.

Wazazi wengi wanaamini kwamba kipya siku zote ni bora kuliko okazioni. Kwa mwenye pesa kidogo, si kweli. Ordinateri mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi ina memori ya giga 4 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao, haiongezeki, na nafasi ya giga 64 tu ya kuhifadhi. Windows inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na kila inapojisasisha inadai zaidi. Kabla mwaka haujaisha, mwanafunzi anafuta silabusi zake ili mashini ipate kupumua.

Afadhali mashini za ofisi zilizotumika: Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, HP EliteBook. Makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha mashini zao kila baada ya miaka michache, na za zamani zinauzwa kwa jumla, nyingi zikifika Afrika. Zilitengenezwa zifanye kazi kutwa. Fundi anaweza kufungua nyingi kati yake, akabadilisha batri na diski, akaongeza memori. Kipimo cha chini kiwe memori ya giga 8 na diski ya SSD ya giga 256. Anayelazimika kuchagua kati ya prosesa yenye jina kubwa na SSD, achukue SSD. Diski ya zamani inayozunguka ndiyo inayofanya mtu awashe mashini kisha aende kuteka maji.

Kuhusu hiyo i7: jina peke yake halisemi kitu. Namba inayofuata ndiyo inayotaja umri. i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, na ina viini vinne. i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, na ina viini viwili, hata kama kibandiko chake kinang'aa kuliko viatu vya muuzaji. Tofauti hiyo imekuwa kubwa zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuhudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11, kwa prosesa za Intel, inakubali rasmi karibu zile tu za kuanzia kizazi cha nane. Mashini ya kizazi cha nne si ya kutupwa. Inaweza kutumia Linux na LibreOffice, na vyote viwili ni vya bure. Ila bei yake ishuke sana, na muuzaji anajua hivyo.

Batri ndiyo habari inayouma zaidi kwa mkaaji wa Lualaba. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na sehemu kubwa inatoka jimbo hili, kwenye migodi kama Kamoto na Mutanda. Inapita Kasumbalesa juu ya malori, inasafishwa kwa wingi China, kisha inarudi Kolwezi ndani ya batri iliyochoka ambayo mwenye udongo anauziwa kwa dola. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yako jirani, lakini umeme ukikatika mtaani, batri ya dakika 20 haimalizi hata ukurasa mmoja.

Kuna njia ya kuipima palepale dukani, bila fundi. Katika dirisha jeusi la amri la Windows inaandikwa powercfg /batteryreport, na mashini inatoa ripoti yenye namba mbili: uwezo wa batri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya pili haifiki hata nusu ya ya kwanza, bei ya batri mpya itolewe kwenye bei ya mashini. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kujibu.

Wa Musumba aangalie pia chaja. Nyingi za mashini hizi zinatumia chaja ya wati 45 au 65. Kibao kidogo cha jua cha kuwasha taa na kujaza simu hakitaiweza wakati wa likizo. Mashini za michezo, zenye chaja ya wati 180, zisizungumzwe hata kidogo.

Klavye nayo: mashini kutoka Uingereza au Dubai kwa kawaida si AZERTY. Mtu anazoea, lakini hiyo ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Ile isiyovumilika ni mashini ambayo bado imefungwa na kampuni iliyoimiliki zamani. Windows irudishwe upya mbele ya mnunuzi, na ikiomba anwani ya kazi ya mtu asiyejulikana, iachwe. Risiti iandikwe namba ya mashini na siku za kuijaribu.

Vyuo vikuu navyo vinanyamaza mno. Mwanafunzi wa sheria anatosheka na giga 8. Wa jiolojia au wa migodi, atakayechora ramani na kutumia AutoCAD, anahitaji 16, na mara nyingi anagundua hivyo akisha kununua. Kila fakilte ingeweza kubandika kwenye valve, kabla ya maandikisho, karatasi moja yenye programu zitakazotumika na kipimo cha chini cha mashini. Mwanafunzi wa zamani angeipiga picha na kuituma Musumba kwa WhatsApp kabla mbuzi hawajauzwa.