Duma si chui, tusimwue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wananchi wenzangu, hasa sisi tunaoishi kandokando ya mbuga, juu ya duma. Mnyama huyu anakwisha, na askari wa wanyamapori peke yao hawawezi kumwokoa.

Taarifa ya wataalamu ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba duma waliobaki porini duniani kote ni 7,100 tu, na kwamba asilimia 77 ya eneo wanaloishi iko nje ya hifadhi. Maana yake wanapita katika malisho yetu. Ndani ya hifadhi nako hakuna raha: simba na fisi humnyang'anya windo, na simba humwulia watoto. Utafiti mmoja wa Serengeti ulionyesha kuwa katika watoto 20, ni mmoja tu hivi aliyefikia kujitegemea.

Wengi wetu kila mnyama wa madoadoa tunamwita chui. Duma ni mwembamba, ana miguu mirefu, madoa meusi yaliyojaa, na mistari miwili myeusi toka machoni hadi mdomoni kama machozi. Madoa ya chui yamejipanga kama maua. Chui huwinda zaidi usiku. Duma huwinda mchana, hukimbiza kwa muda usiofika dakika moja, kisha hukaa akihema. Si mnyama wa kushambulia watu.

Sikatai kwamba duma hula mbuzi. Mfugaji aliyepoteza mbuzi amepoteza sare ya shule ya mtoto wake, na kumwambia avumilie tu ni kumdhihaki. Lakini kwa kuwa duma huwinda mchana na ni mwoga, mchungaji mtu mzima mwenye mbwa anaweza kumfukuza. Tatizo ni kwamba mbuzi wengi huchungwa na watoto wadogo ambao saa hizo wangepaswa kuwa darasani. Hivyo tunapoteza mbuzi, duma na elimu kwa mpigo mmoja.

Lawama zisiwe za wafugaji peke yao. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 huko Masai Mara, Kenya, ulionyesha kuwa duma jike penye watalii wengi alikuza wastani wa watoto 0.2, na penye watalii wachache watoto 2.3. Madereva wanaomzingira duma kwa magari nao waambiwe.

Napendekeza serikali za vijiji zitenge malisho na mapito ya wanyama katika mipango ya ardhi, wazazi waache kuwatoa watoto shuleni kwenda kuchunga, na maofisa wa wanyamapori wafike kwenye mikutano ya kijiji kabla ya mbuzi kuliwa, si baada ya duma kuuawa.

India ilitangaza mwaka 1952 kuwa duma wake wamekwisha. Mwaka 2022 ililazimika kuwaleta wengine kwa ndege kutoka Namibia. Sisi bado tunao. Tusingoje kuwaagiza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Serengeti, Mara.