Barua kutoka Texas: Jengo Limerudi, Watu Je?

Ndugu zangu wa Mombasa,

Juzi tulijazana garini na watoto, tukashika njia ya kusini-magharibi kutoka Houston hadi mji mdogo wa Goliad. Hapo kando ya Mto San Antonio pana hifadhi ya jimbo. Watu wanavua kambare, wanapiga mahema, wanachoma nyama chini ya miti. Lakini lililonifanya nishike kalamu ni kanisa jeupe la Kihispania lililo juu kidogo ya mto.

Ni la misheni ya Espíritu Santo. Mapadri Wafransisko waliianzisha mwaka 1722 karibu na pwani ya Ghuba ya Mexico, wakitaka kuwavuta wenyeji wa huko, Wakarankawa. Hawakuelewana. Mwaka 1726 ikahamia Mto Guadalupe, na mwaka 1749 ikaletwa hapa, pamoja na ngome ya askari, Presidio La Bahía, ambayo ingali ng'ambo ya mto. Padri na askari waliongozana. Aliyekulia kivulini mwa Fort Jesus hahitaji kuelezwa zaidi. Tena tumetawaliwa na taji moja: ngome yetu ilipoanza kujengwa mwaka 1593, Ureno ilikuwa chini ya Felipe wa Pili, mfalme wa Uhispania.

Utajiri wa misheni hii ulikuwa ng'ombe. Ilipostawi, inakisiwa walifikia 40,000, wakizurura mbugani bila uzio. Waliowakimbiza kwa farasi, wakawakamata kwa kamba na kuwapiga chapa, walikuwa wenyeji waliobatizwa, hasa Waaranama. Wale makauboi wa sinema tulizokuwa tukizigombania utotoni, weupe watupu na kofia zao, walitanguliwa kazini na watu hawa. Wengine walifika misheni kutafuta chakula, wengine kinga dhidi ya Waapache na Wakomanche. Maradhi yaliyotoka Ulaya yaliwapunguza, na wapo waliotoroka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830 misheni ilivunjwa, kanisa likawa gofu. Wateksasi wengi wanaifahamu Goliad kwa jambo jingine, kuuawa kwa Fannin, kamanda wa waasi wa Texas, na watu wake zaidi ya 300 kwa amri ya Santa Anna, kiongozi wa Mexico, Machi 27, 1836. Kisha, katika miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoanguka, serikali iliwaajiri wasio na kazi, na kundi mojawapo likalijenga upya kanisa hili. Kwa hiyo niliposhika ule ukuta mnene, mweupe hadi unaumiza macho, nilikuwa nimeshika kazi ya vibarua wa zama za babu zetu.

Kazi yao ni nzuri, siibezi. Lakini jengo limerudi na Waaranama hawakurudi. Wengi waliobaki walichanganyika na Wamexico, na jina lao likapotea katika maandishi. Tunachokijua kuwahusu kimetoka zaidi kwa mapadri na maofisa. Mpanda farasi mwenyewe hakuacha neno.

Ndiyo sababu nina ombi. Fort Jesus ilikuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Wapo wazee, Mji wa Kale na kwingineko, waliofungwa mle, au baba zao walikuwa askari jela, au walikuwa wakipeleka chakula langoni. Aliyekuwa kijana wakati ule sasa ana miaka themanini na ushei. Mawe ya ngome yana watunzaji na bajeti. Wazee hao wana sisi tu. Mwenye simu arekodi, mwenye daftari aandike: jina, mtaa, alifungwa kwa kosa gani, walikula nini. Msingoje mtafiti kutoka nje. Mkinitumia sauti, kuziandika ni juu yangu, na gharama tutachangishana huku.

Anzeni na mzee aliye karibu nanyi, wiki hii hii.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Houston