Mwacheni Kijana Akanyage Tope

Nitakayosema yatawaudhi baadhi yenu, na mmoja wenu atajitambua. Anisamehe, jina lake silitaji.

Mwezi uliopita, kwenye harusi hapa Reading, mama mmoja aliniita pembeni. Mwanawe amemaliza shahada ya uhandisi ujenzi, na kampuni iliyomwajiri inataka aanzie saiti, kwenye kazi ya mitaro ya maji machafu. "Kaka Injinia," akaniambia, "mtafutie ofisi London. Hatukuvuka bahari ili mtoto aje kushika chepe." Waliotusikia wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Nilikataa, lakini sababu zangu nilizimeza pamoja na pilau kwa heshima ya maharusi. Leo nazitoa.

Mimi nilianzia ofisini. Nilipohitimu hapa Uingereza, miaka ya 1990, nilivaa tai nikakaa mbele ya kompyuta miaka miwili nikichora nondo za mihimili. Mahesabu yalikuwa sahihi. Wakubwa waliyakagua wakatia saini. Siku niliyopelekwa saiti, fundi wa nondo, Mwairishi wa umri wa baba yangu, alinisimamisha pale mhimili wangu ulipokutana na nguzo. "Ingiza mkono," akasema. Haukuingia. Hata vidole viwili vilikwama. Sasa zege lenye kokoto za milimita 20 lingepita wapi? Lingebaki na matundu kama sega la nyuki, ndani ya kiungo kinachobeba jengo, kisha nje pangepigwa lipu na hakuna ambaye angejua. Kompyuta haikuniambia, wala profesa. (Fundi yule hakuwa na cheti hata kimoja, na mshahara wake ulinizidi.)

Hicho ndicho mama yule anachomnyima mwanawe. Saiti utamwona dereva wa lori la zege akiongeza maji ili limwagike kwa urahisi, na itabidi umzuie papo hapo, maana maji ya ziada huua nguvu ya zege. Mchemraba wa majaribio utavunjwa maabara baada ya siku 28. Kufikia hapo ghorofa ya juu yake imeshapanda. Kumzuia mtu mzima mbele ya wenzake, nawe una miaka 22, hakufundishwi chuoni.

Wapo wanaosema: aanzie ofisini, kisha atarudi nyumbani akiwa mtaalamu. Hapo ndipo ninapoogopa. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Sisemi yaliangushwa na wahandisi wa ofisini. Jengo huanguka kwa sababu nyingi. Nasema kijana wetu akifika kule na shahada ya nje, mafundi watamwita Injinia siku hiyo hiyo na kumwachia uamuzi. Ataamua kwa kitu gani? Nyumbani wenyewe wameliona hili: tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania ina mpango wa kuwalea wahitimu kazini kwa miaka mitatu. Sisi wa ughaibuni ndio tunaotafuta njia ya mkato.

Kweli, saiti za huku zina baridi, na maneno ya ubaguzi nimeyasikia kwa masikio yangu. Na kampuni ikimweka mwaka mzima kuhesabu malori tu, aondoke, mimi mwenyewe nitamsaidia. La sivyo abaki, na kila jioni aandike alichokiona. Daftari hilo litamfaa siku atakapokaa mbele ya watahini wa Taasisi ya Wahandisi Ujenzi.

Mama, simu yangu unayo. Ofisi sitamtafutia. Ila kama kijana anavaa namba tisa, buti zangu za saiti bado nzima, aje azichukue.